Mita Iliyougua Mchana

Mwaka jana simu yangu ilikataa kupokea chaji, nikaipeleka kwa kijana mmoja pale Chanika, Handeni, mwenye kibanda kisichozidi upana wa kitanda. Alikuwa na mita ndogo ya njano yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Kabla hajagusa simu yangu alizigusanisha ncha za zile nyaya, akatazama, akazigusanisha tena, huku anabishana na mwenzake habari za mpira. Hakuna aliyemkemea. Mimi nilishtuka kuona mkono wangu umepanda wenyewe kulifunika shavu. Mtu mzima, mwenye wajukuu, nimekaa kwenye benchi la watu nimejishika shavu.

“Vipi mama, jino?” akaniuliza yule kijana.

Nikamwambia ndiyo, jino.

Halikuwa jino. Lilikuwa kofi, na nilipigwa zamani, enzi za vijiji vya ujamaa, kwa kosa la kugusanisha nyaya mbili kama alivyofanya yeye. Aliyenipiga alikuwa mume wa mama yangu. Nitakueleza habari zake, rafiki yangu, lakini usitegemee nimsimulie kwa mapenzi. Wako watu wanaokumbuka utoto wao wakalainika. Mimi nikiukumbuka wa kwangu, meno hukazana. Jina lake silitaji, na si kwa heshima. Ni jina zuri, lina watu wengi wema, sitaki kuwachafulia.

Baba yangu mzazi alifia Mashewa, upande wa Korogwe, nikiwa bado nabebwa mgongoni wakati wa kuvuka mito. Mama alikaa ujane, akachoka, akaolewa na fundi redio wa Handeni. Tulipohamia kwake kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamekusanywa kutoka huku na huku, nyumba zimepangwa kwenye mistari iliyonyooka kama matuta, na hakuna aliyemchagua jirani yake. Mtu aliyezoea kukaa peke yake na mihogo yake, ghafla anasikia kikohozi cha mwenzake ukutani. Walikuwapo waliopatana. Sisi tulioangukia nyumba ya fundi tuliishi kwa kuviziana.

Nilikuwa mtoto wa kike mwenye haya. Nikiitwa ubaoni shuleni sauti ilikuwa haitoki. Nyumbani ndiyo kabisa. Kiswahili changu kilikuwa na mkokoto wa Kishambaa, na fundi alikuwa akinirudishia kila neno kwa kunigeza mbele ya wageni, wageni wakicheka, mama akitazama chungu. Basi nikajifunza kusema maneno mawili tu kwake: shikamoo, na ndiyo baba. Hilo la pili lilikuwa linanikwama kooni kama mwiba wa dagaa.

Kijiji kilimpa chumba kimoja ubavuni mwa duka la kijiji, akafanya kazi humo. Nikisema kilikuwa chumba kibaya nitakuwa mwongo. Kilinuka mkaa, vumbi lililoungua, na risasi iliyoyeyuka, harufu ambayo mpaka leo nikiipata njiani husimama bila kupenda. Kulikuwa na redio zilizovuliwa migongo, matumbo nje. Kulikuwa na makopo ya maziwa yaliyojaa skrubu. Umeme hatukuwa nao. Ulikuwa Hale kwenye maporomoko ya Pangani, na sisi tuliusikia tu kwa waliosafiri. Kwa hiyo chuma chake cha kulehemu alikipasha moto kwenye jiko la mkaa, na kazi ya kupuliza mkaa ule ilikuwa yangu, kila siku nikitoka shule baada ya kula. Mama alinipakulia bada, ugali wa muhogo, na mlenda, nikala haraka, nikaenda kupuliza. Majivu yaliingia machoni, fundi hakuinua uso. Akiwa anafanya kazi alikuwa na mikono mizuri kutazama. Nalisema hili kwa shingo upande.

Kitu alichokipenda kuliko mama, kuliko mimi, na nadhani kuliko nafsi yake, kilikuwa mita. Lilikuwa boksi jeusi zito lenye kioo, na ndani ya kioo mshale mwembamba kama unywele. Aliipata kwa mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa anarudi kwao, wakati huo fundi akiwa kibarua wa karakana huko Korogwe. Aliivisha kitambaa cha kanga. Alikuwa na msemo wake: mtu atakudanganya, redio itakudanganya, mita haina mjomba.

Kazi kubwa ya mita ile ilikuwa kupima rezista, vile vijiti vidogo vyenye mistari ya rangi ambavyo hubana umeme usipite wote kwa mkupuo. Kwa kazi hiyo mita hutumia betri yake yenyewe, iliyofichwa mgongoni. Kwanza fundi anagusanisha ncha za nyaya mbili, mshale unaruka mpaka mwisho, upande wa kulia, penye sifuri. Usipofika sawasawa anazungusha kifundo kidogo mpaka ufike. Hapo ndipo anapima. Rezista ikiwa nzima, mshale unasimama panapotakiwa. Ikiwa imeharibika, unabaki nyuma, upande wa kushoto, na fundi anaing’oa na kuitupa sakafuni.

Sasa sikiliza alivyofanya yeye. Kugusanisha nyaya kunakula betri, na betri zilikuwa adimu kama nyama. Zilikuja duka la kijiji kwa mgao, watu wakapanga foleni tangu alfajiri, na wengine wakarudi na mikono mitupu. Kwa hiyo fundi aliweka sheria. Mita huwekwa sifuri mara moja tu, asubuhi, baada ya bismillahi. Baada ya hapo ni marufuku mtu yeyote kugusanisha nyaya mpaka kesho yake. Alijisifu kwa ubanaji huo. Aliwaeleza wateja kama kwamba ni ibada.

Na kwa kuwa betri zilikuwa adimu, kijiji kizima kilikuwa kikizianika. Labda umesahau. Betri ikichoka haikutupwa, ilitandazwa juani, ikapata moto, ikarudi kusema maneno mawili matatu. Jirani yetu, mke wa balozi wa nyumba kumi, ndiye aliyekuwa na paa la bati, basi betri za mtaa mzima zilipanda kwake juu ya ungo, pamoja na mtama na dagaa. Zisije zikachanganyika, alizikwaruza kwa msumari, kila nyumba na alama yake. Yetu ilikuwa duara lenye nukta katikati. Mama yule alikuwa mnene, mwenye kucheka, na maneno yake yalikuwa hayana mlango.

Ubaya ulianza redio zilipoanza kurudi. Mwalimu alirudisha ya kwake, inakoroma. Mwuza duka akarudisha ya kwake, imenyamaza kabisa, nayo ilipokwenda ilikuwa inaongea ila tu kifundo cha sauti kina mchanga. Fundi alikuwa ameng’oa ndani yake rezista ambazo mita ilizihukumu, akaweka nyingine, na redio zikawa mbaya kuliko zilivyokuja. Watu wakaanza kunong’ona kisimani. Wengine walisema amezeeka macho. Wengine walisema anaharibu makusudi ili warudi tena, na enzi zile maneno ya namna hiyo yalikuwa yanaweza kumfikisha mtu mbele ya kikao.

Halafu ikaja redio ya kijiji. Ilikuwa redio kubwa ambayo watu wazima waliokuwa wanajifunza kusoma waliisikiliza pamoja chini ya banda la shule. Mwenyekiti aliileta mwenyewe, kwenye baiskeli, amemkalisha mtu nyuma kuishika. Fundi akaipima asubuhi, akaona kila kitu kizima. Akaipima tena mchana, akaona nusu ya rezista zimekufa. Asubuhi yake zimefufuka.

Akakaa akifikiri. Nilimwona anafikiri, nami napuliza mkaa. Kisha akageuza shingo polepole, akanitazama.

Asubuhi mita ni nzima. Mchana inaugua. Na ni nani anayekuja mchana?

Mwanzo alisema nimeiangusha. Alinisimamisha uani mbele ya mama na mke wa balozi, akaniuliza niliiangusha lini na wapi. Nilisema sikuiangusha, lakini nilisema kwa sauti yangu ile ya ubaoni, ambayo haikufika hata kwa kuku. Akaikagua mita, haina hata mkwaruzo. Ndipo akapata neno jingine, baya zaidi. Akasema nina nuksi. Akamwambia mama kwamba ndugu za marehemu hawakufurahi mama kuolewa, kwa hiyo wamenifunga kitu, na kila nikisogea mita inajua. Mtu aliyekuwa akijisifu kwamba mita haina mjomba, leo anaamini mita ina habari za baba yangu mdogo.

“Lori la kuchukua mahindi likija kwenda Korogwe,” alimwambia mama usiku, “huyu apande. Arudi Mashewa kwa watu wake.”

Mama alimwomba aniache nimalize shule kwanza. Fundi akajibu kwamba Mashewa nako kuna shule, na shule za huko hazina mita. Mama alikuwa na mimba ya mtoto wa fundi, na nadhani alikuwa ameshaanza kupiga hesabu ya nani atabaki na nani ataondoka. Nilikuwa nimelala chumba cha pili nikiyasikia yote. Usiku ule nilimchukia fundi kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesuka ukili.

Lakini kumchukia hakukunisaidia kubaki na mama. Kilichoweza kunisaidia ni kujua kwa nini mita inaugua.

Jumamosi watu wote walikwenda shamba la ujamaa, na mimi niliachwa nifagie chumba cha kazi. Nilifunga mlango. Nikaokota sakafuni rezista moja kati ya zile alizozitupa jana yake mchana. Nikaifunua mita, nikagusanisha nyaya kama nilivyomwona akifanya. Mshale ukaruka mpaka sifuri, safi. Nikaipima ile rezista. Nzima. Ile ile iliyohukumiwa jana, leo nzima. Nikaendelea kuishikilia kwenye nyaya kwa sababu sikujua lingine la kufanya, na hapo nikaona kitu ambacho yeye hakupata kukiona, maana alikuwa mtu wa kugusa na kuondoa. Mshale ulianza kurudi nyuma. Haukuanguka. Ulirudi kidogo kidogo, kama mzee anayeshuka kilima na mzigo. Nikagusanisha nyaya tena. Safari hii haukufika sifuri.

Nitakuambia kweli, niliogopa. Nilidhani labda ni nuksi kweli. Mbona imeugua mikononi mwangu, mbele ya macho yangu?

Mlango ukafunguliwa. Fundi alikuwa amerudi kuchukua tupa ya kunolea jembe. Alinikuta nimegusanisha zile nyaya, na sikuwa na pa kuzificha. Hakuuliza kitu. Alinipiga kofi moja ambalo lilinifanya nione kila kitu kikiwa cheupe, kisha akachukua tupa yake, akasema, “Ndiyo maana,” akaniburura hadi nyumbani. Sasa alikuwa na ushahidi. Lori lilikuwa linatazamiwa wiki iliyofuata.

Jioni ile mke wa balozi aliniita nimsaidie kushusha ungo. Aliona shavu, hakusema kitu kuhusu shavu. Alizikusanya betri akizigongagonga, akawa anazilalamikia kama watoto wavivu. Akasema betri ya juani ni kama mgonjwa aliyekunywa uji, ukimkuta amekaa utasema amepona, mpeleke kisimani uone atakapokaa chini. Alikuwa akisema vile siku zote. Kila mtu mtaani alikuwa anajua. Fundi mwenyewe alikuwa anajua, alikuwa anawaambia wateja wasizitegemee. Lakini mimi nilisimama na ule ungo mkononi, nikamwona yule mgonjwa anashuka kilima na mzigo.

Nilingoja mpaka Ijumaa. Adhana ya mchana ilipolia, fundi alinawa, akavaa kanzu, akaniachia mkaa na onyo. Alipopinda kona nilifungua mgongo wa mita kwa kisu. Betri ilikuwa nene, ya redio, karatasi yake imepauka kwa jua. Nikaigeuza. Duara na nukta katikati.

Ile betri haikutakiwa kuwa humo. Mgao wa mwisho kijiji kilimtengea fundi betri mpya kwa ajili ya kazi, mwenyekiti alilitangaza mwenyewe dukani, na watu walionyimwa wakaguna lakini wakakubali. Nami nilijua betri mpya ziko wapi, maana nilizisikia kila jioni. Nyumbani fundi alikuwa na redio yake mwenyewe, iliyovikwa ngozi yenye matundu, na ilikuwa ikipiga muziki wa dansi kwa sauti nene isiyotetemeka wakati redio za mtaa mzima zinapiga miayo. Kwenye mita alitia ya juani. Bila shaka aliipima kwanza, kwa mita hiyo hiyo, ikiwa imetoka kuota jua na haina kazi yoyote, na mshale ukamwambia nzima. Asubuhi ilikuwa imepumzika, ikamfikisha sifuri. Saa chache za kazi, ikakaa chini. Kila kilichopimwa baada ya hapo kilionekana kimekufa.

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa mtoni. Nikaifungua ile redio ya ngozi, nikatoa betri moja tu kati ya zilizokuwemo, nikaweka mahali pake ile yenye duara. Nikarudi mbio, nikaitia mpya kwenye mita, nikaifunika na kanga yake. Fundi aliporudi kutoka msikitini alinikuta napuliza mkaa.

Alasiri ile mshale ulisimama. Alipima, akapima tena. Alinitazama, akaangalia mita, akanitazama. Nilikuwa karibu nayo kuliko siku zote, nilijisogeza makusudi. Akaokota rezista sakafuni moja moja, akazirudisha kwenye redio ya kijiji. Jua lilipoanza kushuka ile redio ilikohoa, kisha ikasema kwa sauti ya mtu mzima, na watu waliokuwa dukani wakaja mlangoni. Mwenyekiti akashika mkono wa fundi kwa mikono yote miwili. Nikadhani nimeshinda. Nilipanga kumwambia mama peke yake, taratibu, kesho yake.

Lakini mwenyekiti na balozi waliandamana naye mpaka kwetu kumshukuru, na mke wa balozi akavuka uani na kahawa yake ya tangawizi, na kwa kuwa ilikuwa saa ya taarifa ya habari, fundi akatoa redio yake ya ngozi akaiweka juu ya kinu. Ikaanza vizuri. Mara sauti ikapungua. Fundi akaongeza. Ikapungua tena, msomaji wa habari akawa kama anasoma akiwa ndani ya pipa, kisha ndani ya kisima.

“Fundi,” mwenyekiti alisema akicheka, “ya kijiji inahubiri, ya kwako inakata roho.”

Fundi akaigeuza, akafungua mgongo. Mke wa balozi, ambaye Mungu hakumpa mlango wa mdomo, akainama na kibatari.

“Mbona hii ni ya juani? Si alama yangu hii, duara lenu? Hizi nyingine mpya. Umeichanganyaje, baba?”

Fundi alikuwa ananitazama. Wote wakafuata macho yake, mama pia, na nikajua nikikaa kimya nitapanda lori nikiwa na nuksi yangu. Sauti yangu ikatoka. Sijui ilitoka wapi, ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

“Mpya iko kwenye mita,” nilisema. “Ya kazi. Ndiyo maana leo haikuugua.”

Ile redio iliendelea kunung’unika. Kila mtu pale alikuwa na akili. Mwenyekiti alijua alizigawa zile betri kwa ajili ya kazi gani, na sasa alikuwa anaziona zimepangwa kwenye muziki wa dansi. Niliona amejua. Nikamngojea aseme. Mtoto hungojea wakubwa waseme.

Mwenyekiti akanywa kahawa. Akasema ya nyumbani yazungumzwe nyumbani, na kwamba kesho watu wazima wana somo lao, kwa hiyo redio ipelekwe mapema. Fundi alikuwa mmoja tu kijiji kizima. Mimi nilikuwa mtoto wa Mashewa. Balozi akatazama miguu yake. Mkewe ndiye pekee aliyejaribu. Akasema, lakini si mita imepona jamani?

“Mita imepona,” fundi akasema. “Nyumba ndiyo imeugua. Mtoto anayefungua migongo ya vitu vya watu akabadilisha, leo betri. Kesho?”

Neno nuksi hakulitaja tena. Sasa nilikuwa mwizi.

Lori lilikuja, likapakiwa magunia, na mimi nikawekwa juu ya magunia na kifurushi changu. Mama alinifungia mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba. Alinitengeneza ushungi, akautengeneza tena. Nilikuwa nangoja aniambie nimeonewa. Alikuwa anajua, aliona yote kwa macho yake.

“Ungeninong’oneza mimi kwanza,” alisema.

Basi. Lori likaondoka, na vumbi la Handeni likanifanyia huruma, likanizuia kuona kama alisimama au alirudi ndani.

Nilimalizia darasa la saba Mashewa, kwa baba mdogo, ambaye hakuwa amenifunga kitu chochote, masikini, hata jina langu alikuwa analisahau. Habari za kijiji nilizipata kwa watu. Walisema fundi anasifika, hakuna tena redio zinazorudi. Alijifunza, unaona. Aliitia mita betri mpya kila mgao, pengine akaiweka sifuri mara mbili kwa siku, na hakumwambia mtu yeyote nani alimfundisha. Alinipeleka mbali kisha akaendelea kula matunda ya kosa langu mpaka akazeeka.

Alipofariki nilikwenda matangani, kwa ajili ya mama. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Niliyaandaa miaka yote nikilima, nikipika, nikinyonyesha, nikiyapunguza hapa na kuyaongeza pale. Nilifika nikakuta kijiji chenyewe hakipo. Ile mistari iliyonyooka ilikuwa imekatika, watu wamerudi kwenye mashamba yao ya zamani, kila mtu na mihogo yake. Chumba cha kazi kilikuwa kimeota mbarika ndani. Mwenyekiti alikuwa ametangulia, balozi ametangulia, na mkewe, ambaye angenishuhudia, alikuwa amehamia kwa mwanawe Tanga na hasikii tena vizuri. Kwenye mabati ya nyumba zilizobaki hapakuwa na kitu ila majani makavu. Vijana waliochimba kaburi walikuwa na redio ndogo ndani ya simu zao, na hakuna aliyejua kwamba pale paliwahi kuwa na mtu anayelindwa na kijiji kizima kwa sababu aliweza kufufua sauti kwenye boksi.

Watu walimsifu. Nilisikiliza kila sifa na nikala pilau yake.

Wageni walipopungua nilikaa na mama jikoni. Alikuwa amekonda, amevaa nguo za eda, anatenga vyombo vya kuazima ili virudishwe kwa wenyewe. Nikaona hapa ndipo. Nikamwuliza kama anaikumbuka ile betri.

“Betri gani, mwanangu?”

Nikamwambia ile betri, ya mita, ya lori. Akanitazama kwa uso ulio wazi kabisa, usio na hila hata kidogo, akitafuta. Akasema anakumbuka kwamba nilipenda kwenda kusoma Mashewa kwa sababu ya ndugu za baba, na kwamba siku ile niliyoondoka alinifungia mihogo. Mihogo aliikumbuka. Akaniuliza, ilifika salama?

Nilikuwa nimemchukia mtu mmoja kwa muda mrefu hivyo, na siku hiyo nikaona ninayajua mambo yale peke yangu, duniani kote. Hakuna wa kumshtaki, hakuna wa kushuhudia, na hata aliyeniacha hajui kwamba aliniacha. Chuki ikawa kitu changu tu, kama kidonda ambacho daktari anakibonyeza na haoni kitu.

“Ilifika, mama,” nikasema. “Niliila njiani.”

Nikachukua zile sufuria za watu, nikaenda kuzisugua.